Aliyepuliza Filimbi

Panga lilimpata Loveness mkononi Jumatatu asubuhi, na alichofanya baada ya kukatwa ni kuja shule. Aliogopa kuandikwa mtoro. Aliingia darasa la kidato cha tatu damu ikimchuruzika mpaka kwenye soksi, akasema, "Shikamoo, mwalimu, samahani nimechelewa," kisha akaanguka pale pale mlangoni.

Mwalimu Varsha alikuwa ubaoni na chaki yake. Alikuwa ametoka Uingereza kuja kujitolea kwa mwaka mmoja, kufundisha hisabati katika shule ya kata iliyo ng'ambo ya mashimo ya dhahabu, mwendo wa pikipiki kutoka Mwakitolyo. Mpaka siku hiyo, damu nyingi kuliko yote aliyowahi kuiona ilikuwa ya pua. Alivua mtandio wake akamfunga yule binti mkono, fundo likimlegea kila mara, mpaka Paskazia, kiranja wa darasa, akamwambia kwa upole, "Niachie mimi, mwalimu," akaukaza kama inavyotakiwa.

Njia ya kuja shule inapita katikati ya maduara, ndivyo wachimbaji wanavyoyaita mashimo yao, na kwenye vichaka vya huko kuna wanaume wasio na duara wala karasha ya kusagia mawe, kazi yao kuvizia. Safari hii walikuwa wawili. Walitaka simu, Loveness hana simu. Wakataka kingine, akakataa, na panga likapita. Mwalimu mkuu, Herman, alisikiliza habari hiyo akiwa amefumba macho, halafu akasema ataandika barua wilayani. Hakuwa mtu mbaya Herman. Ila dawa zake zilikuwa mbili tu duniani, fimbo na barua, na kwa kuwa wahalifu hawakuwepo wa kuchapwa, ikabaki barua.

Varsha alikasirika hadi akashindwa kula. Ni vizuri mtu amjue kidogo hapa. Alizaliwa Leicester, lakini babu yake, mzee Pranlal, alikuwa na duka la vitambaa Shinyanga mjini enzi za pamba, na mama yake alizaliwa hapo hapo mjini kabla familia haijahama. Jikoni kwao Leicester bibi aligomba kwa Kiswahili mpaka anaingia kaburini. Kwa hiyo binti alishuka Shinyanga na lugha yake mdomoni, akaamkia watu, akataniana na waendesha bajaji, na kijiji kizima kikasema huyu ni wetu, ingawa bado kilimwita Mhindi. Sasa, mgeni asiyejua lugha huuliza. Mgeni anayeijua haulizi, na wenyeji nao hawamwambii kitu, wanadhani anajua. Hapo ndipo balaa lilipopitia.

Siku ya pili Herman alikuwa mjini kwenye kikao. Varsha akafungua begi la netiboli alilokuja nalo, akawaita wasichana wote wanaopita njia ya maduarani, akawavisha kila mmoja filimbi shingoni. Wa mwisho kuvishwa alikuwa Nelly wa kidato cha kwanza, mdogo wake Loveness, mwembamba hata sketi yake ilishikwa na pini.

"Mtu akiwasogelea njiani, pulizeni. Msisubiri awaguse."

Wasichana wakatazamana.

"Tupulize kweli, mwalimu?" aliuliza Paskazia.

"Kwa nguvu zenu zote."

"Hata kama hatumjui huyo mtu?"

"Hasa kama hamumjui."

Kwa Varsha filimbi ilikuwa kelele tu, kelele ya kumshtua mtu mbaya akimbie. Kwa watoto wale, filimbi ni ya sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji. Ikilia, au ukipigwa mwano, yaani lile yowe la hatari linalopokewa boma kwa boma, wananzengo, yaani wanakijiji wote wenye miguu, hutoka na silaha. Asiyetoka ana kesi. Anayetoka akasimama mikono mitupu anahesabiwa mwenzake mwizi. Kila anayefika lazima atie fimbo yake mwilini mwa aliyeitiwa, ili kesho asipatikane wa kumshtaki mwenzake. Na anayeita watu bure, fimbo hizo zote humrudia yeye. Mtoto wa Kisukuma anayajua haya kabla hajajua kusoma. Hakuna aliyemwambia Varsha, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mjukuu wa Shinyanga hayajui. Wao walielewa kuwa mwalimu, kwa uchungu wa damu ya Loveness, amewapa ruhusa ya kuitia watu kifo. Walimpenda sana kwa hilo. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuwakabidhi kitu kizito namna ile.

Wiki hiyo hiyo Varsha alikuwa na furaha yake moja, na jina lake ni Davis.

Davis alikuwa akisoma kidato cha tatu, kichwa cha hesabu kuliko wote, mpaka mwalimu wa nidhamu aliyekuwepo wakati huo alipomchapa mbele ya shule nzima kwa kosa la kujibu. Alichapwa hadi shati likagandana na mgongo. Siku ile ile akaenda kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na hakurudi tena. Paskazia ndiye aliyemsimulia Varsha. Basi Jumatano jioni mwalimu akavaa viatu vyake vya kutembelea akamfuata huko huko, kwenye vumbi na makelele, wanaume wakimpigia miluzi.

Davis alizima mashine alipomwona. Alikuwa mweupe wa vumbi kuanzia nywele hadi vidoleni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mimi ni Varsha, nafundisha hisabati. Nimeambiwa kiti chako hakijapata mtu."

Alicheka kidogo. Kisha akageuka, akapandisha fulana, akamwonyesha mgongo. Makovu yalikuwa yamevimba na kung'aa, yamekatana huku na huku. "Mimi na shule tulishamalizana, mwalimu. Muulize huyu."

Varsha aliona machozi yanamjia, akayameza. "Rudi. Hakuna atakayekugusa."

"Unaapa?"

"Naapa."

"Kwa nani?"

"Kwa babu yangu Pranlal, aliyeuza vitambaa Shinyanga."

Davis akafikiri. Nyuma yake wenzake wa duara moja, vijana waliotoka Geita na Kahama, walikuwa wamesimamisha kazi wanasikiliza. "Sina sare," akasema mwishowe.

"Njoo hivyo hivyo. Shati litapatikana."

"Lini?"

"Kesho. Na usichelewe, Mwalimu Herman anasimama getini."

Alhamisi asubuhi shule ilikuwa mstarini. Herman alikuwa getini na fimbo ya wachelewaji, na Varsha alikuwa akitazama nje ya geti akitafuta kijana mmoja mweupe wa vumbi. Ndipo filimbi ikalia upande wa maduarani, ndefu, ya kukata.

Ni aibu kusema, lakini kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa raha. Imefanya kazi, aliwaza. Halafu filimbi nyingine ikajibu kutoka kilimani, na hiyo haikutoka kwenye begi lake. Ikajibu ya tatu. Kisha mwano ukapanda, sauti za wanaume na wanawake zikipokezana kutoka boma hadi boma, na mbele ya macho yake wavulana wa kidato cha tatu wakavunja mstari bila ruhusa ya mtu, wakang'oa fito za uzio wa bustani, wakatoka mbio. Herman hakuwazuia. Alikaza tu mkono kwenye fimbo yake.

"Wanakwenda wapi?" Varsha aliuliza.

"Mwano huo. Nani kapuliza filimbi njia ya shule?"

"Wasichana. Niliwapa mimi, kwa ajili ya usalama wao."

Herman alimtazama mpaka Varsha akaona damu inahama usoni mwa mwanaume yule. "Mama yangu," akasema. "Umewapa nini?" Akaanza kukimbia, Varsha naye nyuma yake, na huko njiani, kwa maneno machache yaliyokatwa na pumzi, akamweleza filimbi ni nini katika nchi hii.

Walikuta watu wamefanya duara. Varsha alitegemea kelele, na kelele zilishakwisha. Kilichobaki ni mlio wa fimbo juu ya nyama, na watu wakingojea zamu zao. Huo utaratibu ndio uliomtisha. Marcel, mvulana mpole wa dawati la mbele, ambaye jana alimfuata ofisini kuuliza swali la vipeo, alipiga fito yake mara mbili, akapisha mwenzake. Herman alijipenyeza, akainua fimbo bila kutazama ni nani aliyelala pale, akaishusha kwenye goti la yule mtu, kisha akasimama kando akifuta jasho. Ameshatia mkono. Hana kesi.

Pembeni alisimama Nelly, filimbi bado mdomoni, na kila alipovuta pumzi ililia kidogo.

Kwenye vumbi, karibu na miguu ya watu, kulikuwa na mfuko wa nailoni uliokanyagwa. Ndani yake mlikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi. Varsha aliliona shati kwanza, ndipo akautazama mgongo wa mtu aliyelala. Fulana ilikuwa imechanika, na chini ya majeraha mapya aliyaona makovu ya zamani, yaliyokatana huku na huku.

Alikuwa amekuja kweli. Alichelewa, akakimbia ili awahi geti, na shati alilibeba mkononi lisichafuke. Nelly alisikia tu miguu ya mtu mzima inakuja nyuma yake kwa kasi, akageuka, akaona uso mweupe wa vumbi asioujua.

Varsha alijitupa juu yake. Fimbo mbili zilizokuwa tayari hewani zilimpata begani kabla wenyewe hawajazizuia.

"Huyu ni mwanafunzi wangu. Ni Davis wa karasha. Alikuwa anakuja shule, nilimwita mimi."

Mayala, kamanda wa sungusungu, alisogea. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, asiyepandisha sauti. Alichuchumaa, akamshika Davis kidevu. Taya lilikwenda upande usiostahili. Jicho la kushoto halikuwepo la kutazamwa.

"Anapumua," akasema. "Basi, mwalimu, tuelewane. Watu wameitwa. Kama wameitwa kwa haki, huyu ni mhalifu na tunammalizia. Kama wameitwa bure, mwano una mwenyewe. Sema lipi."

"Ni bure. Hakufanya kitu."

"Wananzengo mmesikia." Mayala akainuka. "Nani kapuliza?"

Kale kamlio ka filimbi ya Nelly kakakoma. Mtoto alikuwa amezuia pumzi. Wasichana wenzake walitazama chini wote kwa pamoja, na Varsha akaona kwamba kila mtu pale anajua, na kwamba huyo mtoto, ambaye angeweza kumbeba kwa mkono mmoja, ataletewa fimbo zote zilizomfikisha Davis pale alipo.

"Nimepuliza mimi," alisema.

Mayala aliitazama miguu ya Varsha iliyojaa vumbi la kukimbia, kisha akamtazama Herman aliyekuwa bado anahema kwa mbio walizokimbia pamoja. Hakuwa mjinga mzee yule. Lakini sheria haikuwa inamtafuta mkweli, ilikuwa inamtafuta mwenye kukubali, na huyo ameshapatikana.

Herman akaingilia. "Kamanda, huyu ni mgeni. Ana ubalozi wake. Mkimgusa tutajaziwa polisi hapa mpaka kuku watalala ndani kwa hofu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakusema mgeni njoo uchapwe."

Mayala aliwaza. "Kweli," akasema. "Mgeni hachapwi. Basi nitafute mwenyeji mwenye filimbi." Na macho ya watu yakaanza kumrudia Nelly.

"Mimi si mgeni," Varsha alisema haraka. "Mama yangu alizaliwa Shinyanga. Kitovu chake kimezikwa kule nyuma ya duka. Babu yangu Pranlal, waulizeni wazee, waliuziwa naye vitambaa. Mimi ni wa hapa."

Miezi yote aliyokaa alikuwa akitamani siku ambayo watu wa kijiji kile wataacha kumwita Mhindi na kumwita mtu wa kwao. Siku yenyewe ikawa ndiyo hiyo.

"Nilikuwa mteja wa Pranlal," alisema Mayala polepole. "Sawa. Wewe ni wa hapa. Ila mwanamke hachapwi na wanaume. Wasichana wake wenyewe waje."

Wakaletwa. Paskazia alipewa fito ya kwanza. Aliinama kama anayemrekebisha mwalimu nguo, akamnong'oneza, "Nisamehe, mwalimu. Nitapiga kweli. Nikipiga kwa huruma watasema deni halijalipwa, watamchukua Nelly. Lala kifudifudi, usikinge na mkono."

Akapiga kweli. Varsha alikuwa amejiapiza asilie, na kiapo hicho hakikufika hata fimbo ya pili. Alilia kwa sauti, alilia kwa Kigujarati, akamwita mama yake. Wasichana walipokezana huku nao wakilia, na hakuna aliyepiga kwa huruma, maana wote walikuwa wameelewa. Mahali fulani katikati alisahau alichoambiwa, akakinga na mkono wa kulia, na mfupa ukavunjika kwa mlio ambao hata wanaume waliusikia wakageuza nyuso.

Wa mwisho alikuwa Nelly. Fimbo yake ilianguka mgongoni bila uzito wowote.

"Rudia," Mayala alisema.

Nelly akarudia.

Davis hakusikia lolote katika hayo yote. Walipompakia kwenye pikapu kwenda hospitali Shinyanga alikuwa bado hajitambui, na Varsha alilazwa kando yake, uso kwa uso, mdomo wake ukiwa umejaa mchanga na damu.

Polisi walikuja. Hakuna aliyeona kitu. Hata Varsha aliandika kwa mkono wa kushoto kwamba alianguka na pikipiki. Shirika lililomleta lilimtumia tiketi ya kurudi kwao. Aliirudisha, akasema atamaliza muhula. Alirudi darasani mkono ukiwa umefungwa hogo la plasta, akikaa nusu kiti. Wamama sokoni sasa walimwita "ng'wana Pranlal", yaani mtoto wa Pranlal, wakimwongezea nyanya bila yeye kuomba. Watu wamempokea, na alikuwa akiwaogopa.

Davis alipona kwa kiasi cha mtu kama yeye kupona. Jicho lilikwenda, taya likafungwa waya. Na kule duarani wenzake wa Geita na Kahama, ambao sheria za sungusungu si sheria zao, walikula kiapo: wakimpata aliyepuliza filimbi ile, watamtupa shimoni na kifusi juu. Walichokosa ni jina. Kijiji kilikuwa kimefunga mdomo.

Asubuhi moja, katikati ya somo, Davis alisimama mlangoni pa darasa. Alikuwa amevaa lile shati jeupe. Limefuliwa, madoa hayakutoka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Davis." Varsha akaweka chaki chini. "Pita ukae."

Marcel alisogea upesi kwenye dawati kumpa nafasi, macho ameyashusha chini. Davis hakukaa. Nje ya dirisha kidato cha kwanza walikuwa wakifagia uwanja, na aliyekuwa karibu zaidi, chini kabisa ya dirisha, alikuwa Nelly.

"Nina swali kabla sijakaa," Davis alisema. Alisema kwa meno yaliyofungwa, polepole, na darasa zima likamsikia. "Nimeambiwa ilikuwa filimbi ya shule. Wenzangu kule wananiuliza kila siku. Alipuliza nani?"

Ufagio wa nje ukasimama.

Varsha alitazama nafasi pale kwenye dawati. Ndicho kitu pekee alichokuwa amekitaka tangu Jumatano ile ya vumbi, kijana huyu akae pale. Angesema kweli, angekaa. Na kweli ikishatoka darasani, jioni ingekuwa imeshafika duarani, na mtoto wa kidato cha kwanza ana njia moja tu ya kurudi kwao, nayo inapita maduarani.

"Mimi," alisema.

Davis hakuonekana kuelewa. "Wewe?"

"Niliona mtu anakimbia. Nikaogopa. Sikukutambua."

"Uliniambia hakuna atakayenigusa."

"Nilikuambia."

"Uliapa kwa babu yako."

"Niliapa, Davis."

Paskazia alikuwa ameshasimama, mdomo wazi.

"Kaa chini, Paskazia," Varsha alisema, na Paskazia akakaa.

Davis alimtazama mwalimu kwa jicho lake moja. Hakuna chuki aliyoiona Varsha humo, na ingekuwa nafuu kama ingekuwepo. "Jina lako sitawapa," alisema. "Ulinifuata hadi kwenye karasha, sijasahau. Lakini siwezi kukaa mbele yako, mwalimu. Mwili wenyewe unakataa." Akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akalivua, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye ile nafasi aliyoachiwa. Ndani alikuwa na fulana ya kazi. Akatoka, akashika njia ya maduarani, na hakugeuka.

Varsha alichukua chaki kwa mkono wa kushoto. Akawaambia wafungue madaftari, akaandika tarehe ubaoni kwa herufi mbovu za mtoto anayejifunza, na nje, chini ya dirisha, ufagio ukaanza tena kufagia.